Nilimtania Mchele wa Dakawa

Kama gazeti la wiki iliyopita ulilifungia maandazi, usihangaike kulitafuta. Nitakukumbusha.

Mimi ni Hashimu, fundi viatu wa Kilakala, na kosa langu duniani ni moja tu: nampenda Sabra. Mengine yote yaliyonipata yametokana na hilo.

Mzee Mansuri wa Mlali, mjomba wake Sabra, alikubali kupokea posa yangu kwa sharti la mbuzi mzima. Kwetu Waluguru mtoto ni wa kwa mama. Binti ana wajomba, na wajomba wasipokubali, baba akubali mara mia ni kazi bure.

Mbuzi nilimpata. Nikamfunga uani kwa Thobias, rafiki yangu na mshenga wangu. Kumbe siku ile wapangaji wenzake walikuwa na sherehe ya kipaimara. Wakamwona mbuzi, wakajua ni mchango wa jirani mwema. Nilipofika wakanikaribisha supu. Nikanywa. Nikaomba kuongezewa. Ndipo mama mmoja aliponishika mkono akasema, "Mungu akubariki, baba, kwa mbuzi wako."

Hapo ndipo nilipokuacha, bakuli mkononi. Sasa endelea kunionea huruma.

Nilimpigia Sabra simu huku nimejishika kichwa.

"Umekula mbuzi wa posa yetu?" akauliza.

"Nimekunywa supu tu."

"Hashimu!"

"Sikujua, mpenzi. Wallahi sikujua."

Nikamsikia anahema. Sabra akikasirika hapigi kelele, anahema tu, na mimi hapo ndipo ninapoogopa.

"Nisikilize," akasema. "Jumapili ndiyo siku, na wazee wameshaambiwa. Ukija bila mbuzi, mjomba Mansuri anaweza kukusamehe, yeye ni mpole. Lakini mjomba mdogo naye anakuja."

"Yupi tena huyo?"

"Mjomba Pazi. Analima mpunga Dakawa. Yeye ndiye aliyenisomesha, na neno la mwisho ni lake. Mwaka juzi alikuja mtu na gari lake, mjomba Pazi akamrudisha kwa sababu alimwamkia huku anatafuna."

"Anatafuna nini?"

"Karanga! Lakini hoja siyo karanga, Hashimu, hoja ni heshima. Anataka mtu mwenye adabu, asiyekanyaga baa. Tafuta mbuzi. Sitaki hadithi nyingine."

Akakata.

Ndugu msomaji, fundi viatu hawezi kupata mbuzi wawili kwa mwezi mmoja. Hata mmoja ilikuwa maajabu. Nikakaa kibandani kwangu nikiangalia kandambili za watu, nikitamani kulia.

Thobias akaja mbio. Tangu ile supu alikuwa ananikwepa, kwa hiyo nilijua ana jambo.

"Nimekupatia mbuzi," akasema.

"Wapi?"

"Kwa dada Devotha. Jumamosi kuna mashindano ya pool, mshindi anaondoka na beberu wa Nyandira. Nimemwona kwa macho yangu. Ana ndevu kama sheikh!"

"Kwa Devotha ni baa, Thobias."

"Ni grosari."

"Inauza bia."

"Basi wewe kunywa soda. Kwani kuna mtu atakufungua mdomo akumiminie?"

Tatizo halikuwa bia peke yake. Tatizo ni kwamba mimi nikishika fimbo ya pool nacheza kama mtu anayefukuza panya uvunguni. Lakini mbuzi ni mbuzi. Nikafunga kibanda, nikaenda.

Dada Devotha alihamia Morogoro kutoka Songea zamani, akaja na ile meza yake moja ya pool. Mwenyewe hachezi. Anakaa nyuma ya nondo za kaunta na kifungulia chupa mkononi, anatazama wanaume wanavyofungana. Ananipenda kwa sababu viatu vyake nashona mimi.

"Dada, nataka kushinda Jumamosi."

Alicheka mpaka akaweka kreti chini.

"Wewe? Mchele anakuja!"

"Mchele ndiye nani?"

"Mchele wa Dakawa. Jina lake la nyumbani silijui, hapa kila mtu ana jina la mezani. Anakuja na basi, anafunga watu, anaondoka. Hanywi, hapayuki, hatoki jasho. Mtu akikuambia utamshinda Mchele kwa kucheza, anataka kukuuzia kitu."

"Basi ndiyo nimekwisha."

"Sijasema hivyo. Wewe hutaweza kucheza vizuri kama yeye. Sasa mfanye yeye acheze vibaya kama wewe."

Nikamtazama. Mwanamke huyu angekuwa kocha wa taifa.

Tangu siku hiyo, kila mchana wateja wakipungua, akanifundisha kwa kuelekeza na kifungulia chupa kutoka kaunta. Kwanza akanikataza kutumbukiza mipira. Nikadhani anatania.

"Mpira wako ukiwa mdomoni mwa shimo, kwa nini unautumbukiza?" akauliza.

"Si ndiyo mchezo wenyewe?"

"Ndiyo mchezo wa Mchele. Wa kwako uache palepale, uzibe. Yeye apite wapi? Na kama huna pa kupiga, usipige kwa hasira. Usukume ule mpira mweupe wa kupigia ukajifiche nyuma ya mipira yako, umwachie yeye taabu."

"Na akitoka kwenye taabu?"

"Umwachie nyingine."

Kisha akanionyesha siri ya nyumba. Meza yake imelalia upande wa friji. Ukipiga sawasawa kuelekea shimo la kona ile, mpira unakengeuka mwishoni kama mtu aliyekumbuka ameacha jiko linawaka. Mafundi walitaka kuinyanyua, Devotha akakataa.

"Wageni wote wanapiga sawa, wanakosa," akasema. "Wewe lenga upande wa juu wa shimo, meza itamalizia. Halafu mcheleweshe. Fundi ana mwendo wake, umkatishe. Paka chaki taratibu kama unampaka bibi harusi hina."

"Hiyo ni haki kweli, dada?"

"Kuna sheria inayokataza kupaka chaki?"

Hakuna. Nikapaka.

Jumamosi mchana mvua ikateremka kutoka milimani, bati la Devotha likawa ngoma. Mbuzi alifungwa mlangoni, utepe mwekundu shingoni, anatafuna kipande cha chaki alichookota. Watu walijaa, nusu kwa mashindano, nusu kwa mvua.

Nikafika fainali. Usiniulize kwa ustadi gani. Mpinzani wa kwanza alizuiwa na mvua. Wa pili, dereva wa bodaboda, alipigiwa simu na mteja katikati ya mchezo, akaniachia fimbo akaondoka. Wa tatu alikuwa amekunywa tangu asubuhi, akalala juu ya meza, tukamtoa. Bahati yangu huwa hivyo, inanibeba mgongoni mpaka katikati ya mto, halafu inakumbuka shughuli zake.

Mchele akasimama upande wa pili. Mfupi, shati limepigwa pasi, nywele zimeanza mvi kidogo masikioni. Alikuwa anakunywa soda ya tangawizi. Mtu mzima mwenye heshima zake.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, kijana."

Akaitikia, akanifunga. Gemu ya kwanza nilipiga mara mbili tu, na moja kati ya hizo niliupiga ukuta. Yeye alizunguka meza akitumbukiza mmoja mmoja, hata hakuweka chini soda. Sharti lilikuwa kushinda gemu mbili kati ya tatu, na mimi nilishaanza kumtazama mbuzi kama mtu anayeaga maiti.

Devotha akagonga nondo na kifungulia. Nikakumbuka.

Gemu ya pili nikaanza fitina. Kila shimo nikaliwekea mpira wangu mlangoni. Mweupe nikauficha. Nikapaka chaki, nikafuta, nikapaka tena. Nikafunga kamba za kiatu ambacho hakina kamba. Nikaenda msalani, nikarudi, nikaenda tena.

"Kijana, unaumwa tumbo?" Mchele akauliza.

"Nafikiria, mzee."

"Fikiria basi huku unapiga."

Sauti yake ilikuwa imepanda kidogo. Devotha akanikonyeza.

Mwishoni Mchele akabaki na mpira mweusi peke yake, mimi nina mipira mitano bado imeziba mashimo. Likabaki wazi shimo la friji tu. Akachoka kuningoja, akaupiga kwa nguvu kuliko kawaida yake. Meza ikakengeusha, mweusi ukagonga ukingo, ukaingia kwa shida, na mweupe ukaufuata humohumo. Hiyo ni kupoteza gemu. Nyumba nzima ikalipuka, Thobias akamkumbatia mbuzi.

Gemu moja kwa moja, tukawa sare!

Lakini Mchele hakukasirika. Aliuchukua ule mweupe kwa mkono, akauviringisha taratibu kutoka upande huu kwenda ule. Ukaenda, ukapinda, ukaelekea friji. Akatikisa kichwa kidogo, akatabasamu.

"Ahaa," akasema.

Nikamgeukia Devotha. Alikuwa ameshika kichwa. Mtu akishaijua meza na anajua kucheza, wewe umebakiwa na nini? Chaki?

Nikaomba dakika ya kujisaidia. Wakacheka wote, maana hiyo ilikuwa mara ya tatu. Thobias akanifuata nyuma.

"Nimempeleleza," akanong'ona. "Huyu Mchele ni Mluguru mwenzako. Nimemuuliza mtu aliyekuja naye. Ukoo wa baba yake ni..." Akautaja. Mimi hapa siutaji. Gazeti hili linasomwa mpaka Mgeta, na nina matatizo ya kutosha.

Moyo ukaruka. Ule ukoo naujua! Kwetu kila ukoo una watani wake, na mtani ana ruhusa ya kukusema atakavyo, hata msibani, hata mbele ya wakwe. Wewe huruhusiwi kununa. Ukinuna, aibu ni yako. Yaani ningeweza kumtukana Mchele gemu nzima na yeye hana la kufanya ila kucheka!

Lakini nilitaka uhakika. Nikampigia bibi yangu Mosi kule Kinole.

"Bibi, shikamoo. Ukoo fulani si watani zetu?"

"Marahaba, mume wangu. Watani sana! Babu yako alipofariki, wao ndio waliojilaza kaburini wakakataa kutoka mpaka wapewe jogoo. Kwani una nani?"

"Nina mtu wao hapa. Nataka kumtania."

"Mtanie! Mwambie uso wake kama kiazi cha kuchimbwa na jembe bovu. Lakini ngoja. Mama yake ni wa ukoo gani?"

"Bibi, wananiita."

"Nakuuliza wewe! Baba humpa mtu jina. Mtu mwenyewe ni wa kwa mama. Mama yake ni nani?"

Hapa ndipo ningesimama, nikauliza, nikaepuka yote unayokwenda kuyasoma. Mimi Mluguru, niliyekuja kumwomba binti kwa wajomba kwa sababu mtoto ni wa kwa mama, nikasahau kwamba na Mchele naye ana mama. Uhuni wa mjini huo. Tumezoea kuulizana jina la baba kama polisi.

"Ni wa hukohuko, bibi," nikasema, nikakata simu.

Nikarudi mezani kifua mbele.

"Wewe Mchele!" nikapaza sauti. "Nimekuamkia bure kumbe! Rudisha shikamoo yangu!"

Watu wakageuka. Mchele akainua macho kutoka kwenye fimbo.

"Kuna nini, kijana?"

"Nimeshajua ukoo wenu. Wewe ni mtani wangu. Siku ukifa mimi ndiye nitakayelala kaburini, na sitoki kwa jogoo, natoka kwa ng'ombe!"

Kicheko. Mchele akanitazama kwa makini sana.

"Una uhakika sisi ni watani?"

"Nina uhakika kama ninavyouona uso wako, ambao ni kama kiazi kilichochimbwa na jembe bovu!"

"Haya," akasema polepole. "Kama ni utani, endelea."

Nikaendelea. Ee Mola, niliendelea! Kila akiinama kupiga, na mimi natupa la kwangu. Nikamwambia Mchele gani huyu amejaa mawe. Nikamwambia ukoo wao wakisikia sufuria inafunikwa kijiji cha tatu, wanavaa viatu. Nikamwambia bibi yake aliwahi kunichumbia, nikamkataa kwa sababu ya meno. Watu wanashika mbavu. Devotha mwenyewe alifungua bia ya mtu ambaye hakuagiza.

Mchele alicheza vizuri hata hivyo. Fundi ni fundi. Lakini mara alipiga mapema, mara alichelewa, na mimi nikajipenyeza. Mwisho yeye akabaki na mweusi, mimi nimebakiwa na mpira mmoja na huo mweusi. Zamu yake. Shimo la friji, karibu kabisa. Na safari hii anaijua meza.

Akainama. Akalenga juu ya shimo, kama nilivyofundishwa mimi.

Nikaona mbuzi anaondoka. Nikamwona Sabra anahema. Na hasira yangu yote ya wiki ile, ya sharti la mzee Mansuri, ya supu, ya kandambili, ikanitoka kwa mkupuo.

"Na wajomba wa ukoo wenu!" nikapiga kelele. "Hawamtoi binti mpaka waone mbuzi! Hivi nyinyi mnaoza mabinti au mnafungua bucha?"

Mkono wa Mchele ukashtuka.

Mweusi ukapita juu mno, ukagonga ukingo, ukarudi taratibu ukasimama mdomoni mwa shimo.

Nikaupiga mpira wangu wa mwisho, ukaingia. Sijui ulivyoingia. Mweusi hata mbuzi angeutumbukiza. Nikausukuma, ukadondoka, na mimi nikadondoka kwenye mikono ya Thobias.

Nimemshinda Mchele wa Dakawa! Mimi!

Walipomaliza kunirusha juu, Mchele akanijia. Uso wake haukuwa na hasira wala kicheko. Akamshika mbuzi ndevu.

"Unampeleka wapi huyu?"

"Kwa wakwe, mtani. Mlali. Kuna mzee mmoja anaitwa Mansuri, kesho nachumbia kwake."

Akaziachia ndevu za mbuzi.

"Mansuri," akasema. "Mpe mbuzi maji. Njia ya Mlali ni ndefu."

Akavaa kofia, akatoka.

Najua, msomaji. Najua unanipigia kelele hapo ulipo, unaligonga gazeti. Wewe umeshajua. Ndiyo maana wewe unasoma na mimi naandikwa.

Mimi sikujua kitu. Nililala usingizi wa mfalme.

Jumapili tukakodi bajaji, mimi na Thobias pembeni, mbuzi katikati. Thobias ni Mkristo, lakini alisema mshenga lazima aonekane mtu wa adabu, akaazima kofia ya kiua. Tulipopita Mzumbe mbuzi alikuwa ameshaila nusu. Thobias akaivaa hivyohivyo, upande mzima ukiwa mbele.

Kabla ya kufika Sabra akapiga.

"Mbuzi unaye?"

"Ninaye, ananitazama."

"Alhamdulillahi! Sasa sikia. Nitakuwa nyuma ya mlango wa chumba. Wewe ukianza kuongea huwa huna breki. Nikikohoa mara mbili, nyamaza. Chochote kilichopo mdomoni kimeze."

"Mara mbili. Nimeelewa."

Mzee Mansuri akatupokea vizuri, mkeka umetandikwa, uso wake una nuru. Akamzunguka mbuzi, akamgusa mgongo.

"Mbuzi mzuri huyu. Umempata wapi, mwanangu?"

Hilo swali sikulitarajia. Nikaona baa, nikaona bia, nikaona nondo za Devotha.

"Nyandira, mzee. Nilipanda mwenyewe mlimani."

Thobias akatazama chini, kofia nusu ikaninginia.

"Mashallah," mzee akasema. "Mtatuwia radhi, chakula leo ni maharage. Mdogo wangu alikwenda mjini jana, alituahidi atarudi na mbuzi wa kuwakaribisha nyinyi wageni. Amerudi mikono mitupu. Tangu jana hasemi na mtu. Pazi! Pazi, wageni wamefika!"

Mlango wa nyuma ukafunguliwa.

Shati limepigwa pasi. Mvi kidogo masikioni. Mkononi soda ya tangawizi.

Akanitazama. Akamtazama mbuzi. Akanitazama tena.

"Karibu buchani," akasema.

Nilitaka kusema shikamoo, nikakumbuka jana niliidai irudishwe. Thobias, ambaye si Mluguru wala hana akili, akaanza kusoma Baba Yetu kimoyomoyo, midomo inacheza.

"Shikamoo, mjomba," nikasema mwishowe. Sauti ilitoka kama ya mtoto.

Hakuitikia.

"Kumbe mnafahamiana!" mzee Mansuri akafurahi. "Mmejuana wapi?"

"Dakawa," akasema Pazi.

"Nyandira," nikasema mimi.

Tulisema kwa pamoja. Na hapo, ndugu zangu, macho yetu yakakutana, nikaona kitu ambacho sikukitegemea. Mjomba Pazi, mwenye kukataza watu baa, naye aliogopa! Kaka yake hakujua ilikokuwa meza ile. Alikuwa amenishika mkia, na mimi nimemshika wake.

Mzee Mansuri akatugeuzia shingo mmoja mmoja. "Mmoja Dakawa, mwingine Nyandira. Mlikutana kwa simu?"

Pazi akakaa mkekani, akaweka soda chini kwa uangalifu. Fundi ni fundi. Nikajua anaficha mweupe.

"Kaka," akasema, "kijana huyu aliniambia yeye ni mtani wetu."

"Mtani? Wewe mama yako wa ukoo gani, mwanangu?"

Nikautaja. Mzee akatikisa kichwa.

"Hapana. Hao ni watani wa baba yetu. Sisi tumefuata wapi? Tumefuata kwa mama. Nyinyi na sisi hatuna utani hata chembe."

"Ndivyo nilivyofikiri," Pazi akasema. "Lakini sitaki kumwonea. Achague mwenyewe. Kama anasema bado ni mtani, yote aliyoniambia nayacheka, sina kinyongo. Ila mtani akija na mbuzi, mbuzi namchukua kwa utani, na yeye anarudi kwao anacheka. Posa hakuna."

Akanywa tangawizi kidogo.

"Na kama ni mkwe?" Thobias akauliza.

"Kama ni mkwe, mbuzi ni wa posa, namwita mwanangu. Lakini mkwe hafichi kitu. Atayarudia hapa, mbele ya kaka yangu, maneno yote aliyonitamkia. Neno kwa neno. Aanze na lile la wajomba."

"La wajomba?" mzee Mansuri akasogea karibu. "Alisema nini kuhusu wajomba?"

Nikikubali utani, nampoteza Sabra. Nikikubali ukwe, namwambia mzee huyu mpole, aliyetuwekea mkeka na maharage, kwamba anafungua bucha. Na nikisema palisemwa wapi, naangamia pamoja na Pazi. Mbuzi akaanza kula kilichobaki cha kofia ya Thobias, na hakuna aliyemzuia.

"Tunakungoja," akasema Pazi. "Au unataka kupaka chaki kwanza?"

Nikafungua mdomo.

Nyuma ya mlango Sabra akakohoa.

Nikangoja cha pili. Nikangoja, wazee wananitazama, mdomo wangu uko wazi. Hakikuja.

Kikohozi kimoja. Na kimoja hatukupatana maana yake nini.